SOMO LA KIFAFA: DAWA YA KILA SIKU NA KOPO LA VITAMINI



Labda ndani ya nyumba yako, ao ya jirani yako, kuna mutu mwenye kifafa. Labda ni wewe mwenyewe. Umesikia watu wakisema maneno mengi juu ya ugonjwa huu, na umechoka kuyasikia. Mumoja anasema ni uchawi. Mwingine anasema mate ya mugonjwa yanaambukiza. Na sasa yuko mutu anayepita sokoni, hata mulangoni kwa kanisa, na kopo la unga ao chupa ya vidonge vya vitamini, anasema: "Kunywa hii, na utaacha dawa ya hospitali."

Somo hili ni juu ya maneno hayo. Ulisome polepole, kisha umusomee asiyejua kusoma.

1. Kifafa ni nini?

Ubongo unatawala mwili wote. Unatuma habari kwa mikono, miguu, ulimi na macho kwa nguvu ndogo iliyo kama umeme. Ndani ya ubongo wa mwenye kifafa, mara nyingine nguvu hiyo inatoka yote pamoja bila utaratibu, kama watu wa soko wanaopiga kelele wote kwa mara moja, hata hakuna anayesikia mwenzake. Ndipo mutu anaanguka, mwili unakazana na kutetemeka, povu linatoka kinywani, na pengine anajikojolea. Kisha kelele inatulia, naye analala usingizi muzito.

Wengine hawaanguki. Wanakaza macho kwa kitambo kidogo, hawajibu wanapoitwa, kisha wanaendelea na kazi yao kama hakuna neno. Hicho nacho chaweza kuwa kifafa. Lakini mutoto aliyeshikwa na degedege mara moja kwa sababu ya homa kali, hatusemi upesi kwamba ana kifafa. Tunasema kifafa wakati kuanguka kunarudi tena na tena, pasipo homa.

Kinatoka wapi? Mara nyingi ubongo uliumizwa zamani: mutoto alikawia kuzaliwa akakosa pumzi, ao alishikwa na malaria ya ubongo, ao homa ya uti wa mugongo, ao alianguka na kuumiza kichwa. Minyoo ya nguruwe nayo inaleta kifafa. Mutu akimeza mayai ya tegu kwa mikono michafu, kwa maji, ao kwa mboga zilizochafuliwa na mavi ya mutu mwenye tegu, minyoo midogo inaweza kuingia ndani ya ubongo. Na katika inchi yetu ya Congo, huko Ituri, Uele na Tshopo, waganga wameona kifafa kingi zaidi katika vijiji vilivyo karibu na mito yenye kukimbia, kwa sababu ya inzi wadogo weusi wanaoleta onkoserkosi, ule ugonjwa unaopofusha macho. Kwa hiyo wakati wagawaji wanapopita na ivermektini, ile ambayo wengi wanaiita Mectizan, usiikatae. Inakinga macho, na ni njia ya kukinga watoto na kifafa cha namna hiyo. Mara nyingine pia kifafa kinatembea katika jamaa, na mara nyingi hatuoni sababu yake hata kidogo.

2. Kifafa hakiambukizi

Mate hayaambukizi kifafa. Povu, mukojo, jasho na pumzi haviambukizi. Unaweza kumushika mugonjwa, kula naye sahani moja, kulala naye nyumba moja. Watoto wengi wameungua moto mbele ya macho ya watu wazima kwa sababu watu waliogopa kuwagusa. Hii ni huzuni kubwa kwetu, kwa kuwa woga huo hauna musingi.

Mutu akiuliza: "Je, si pepo?" ninamujibu hivi. Soma Marko sura ya 9, utaona baba aliyemuleta mutoto wake kwa Bwana Yesu, naye Bwana hakumufukuza wala hakumulaumu. Soma tena Matayo sura ya 4, mustari wa 24. Hapo wanahesabiwa wagonjwa wa namna nyingi walioletwa kwake, na wenye pepo wametajwa mbali na wenye kifafa. Basi hata katika siku zile watu hawakufikiri kwamba ni kitu kimoja. Umwombee mugonjwa kila siku, hilo ni jambo jema. Lakini usimufunge kamba, usimupige, usimunyime chakula ili pepo atoke. Na usimutoe ndani ya masomo wala ndani ya kwaya ya kanisa.

3. Habari ya musichana mumoja

Nitakuambia habari niliyoiona mimi mwenyewe, bila kutaja jina wala kijiji.

Musichana wa miaka 14 alikuwa anaanguka karibu kila juma. Tulimupa fenobarbitali, kidonge kila jioni. Mwezi wa kwanza alisinzia sana, kisha mwili ukazoea. Kwa miezi saba alianguka mara moja tu. Akarudi masomoni.

Ndipo akapita muuzaji mwenye makopo. Alivaa vizuri na kusema vizuri. Akamwambia mama: "Dawa ya hospitali inachosha ubongo. Unga huu ni chakula tu, hauna sumu. Unasafisha damu, unaponya kifafa, sukari, na ugumba." Bei ya kopo ilikuwa bei ya mbuzi. Mama akauza mbuzi. Muuzaji akasema tena: "Usichanganye. Acha vidonge kwanza." Mama akaacha siku ileile.

Siku za kwanza musichana hakuanguka. Alikuwa na macho mepesi, hakusinzia tena. Mama alishangilia na kuwaambia majirani, nao wawili wakanunua. Katika juma la pili, usiku, musichana akaanguka. Kabla hajaamka akaanguka tena, na tena. Wakamuleta kwa pikipiki, njia ya saa mbili, amefungwa katikati ya baba na dereva. Tulimupiga sindano, tukamupa oksijeni, tukakesha naye hata asubuhi. Mungu alimurehemu, akapona. Lakini mukono wake mumoja ulikuwa umeungua kwa jiko, na vidole viwili havikunjiki vema hata leo.

Mama alilia akasema: "Muganga, mimi ndiye niliyemuumiza mwanangu."

Nikamwambia: "Hapana, mama. Ulitafuta uzima wake. Kosa moja ni langu. Nilikupa vidonge, lakini sikukueleza kwa nini mutu hawezi kuviacha kwa siku moja."

Kwa sababu ya mama yule ninaandika somo hili.

4. Kwa nini kopo lilionekana kama linaponya?

Sikiliza neno hili vizuri, maana linadanganya hata watu wenye akili. Kifafa hakirudi kila siku. Kinakuja na kunyamaza, chenyewe. Mutu ananunua dawa mupya wakati gani? Ananunua wakati amechoka, wakati kuanguka kumezidi. Baada ya siku mbaya zaidi, mara nyingi zinafuata siku nzuri kidogo, hata kama angekunywa maji matupu. Ndipo anasema: "Dawa mupya imenisaidia."

Tena fenobarbitali haitoki mwilini kwa siku moja. Inakaa ndani ya damu siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho, ikipungua polepole. Siku zile nzuri ambazo musichana hakuanguka, alikuwa bado analindwa na dawa ya hospitali, na sifa ikapewa kopo. Dawa ilipopungua, ubongo uliokuwa umezoea kulindwa ukabaki bila mulinzi. Hapo kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko kwanza, na chaweza kuua.

5. Je, vitamini haisaidii hata kidogo?

Hatusemi hivyo. Tuseme kweli yote.

Wako watoto wachache sana wanaozaliwa na mwili usioweza kutumia vitamini B6 kama wengine. Wanashikwa na degedege tangu siku za kwanza, na dawa za kifafa hazizuii. Waganga waliandika habari ya mutoto wa namna hiyo mwaka 1954. Akipewa vitamini B6, degedege inakoma. Lakini lazima aipate maisha yake yote. Kwa watoto hao, vitamini ndiyo dawa yenyewe. Tena, wagonjwa wa kifua kikuu wanaomeza isoniazidi mara nyingi wanapewa vitamini B6, kwa sababu isoniazidi inaiharibu mwilini. Lakini kwa watu wengi wenye kifafa, B6 haizuii kuanguka. Na ikimezwa nyingi kwa muda murefu, inaumiza mishipa ya fahamu, mikono na miguu inakufa ganzi.

Mwili ukipungukiwa sana na sukari ya damu, chumvi, kalsiamu ao magnesiamu, mutu anaweza kuanguka. Hapo muganga anarudisha kilichopungua. Lakini ni damu yenye kupimwa inayoonyesha jambo hilo, wala si muuzaji anayeangalia kiganja cha mukono. Mutu asiyepungukiwa, ukimuongezea, hapati faida.

Mifupa nayo ihesabiwe. Fenobarbitali na fenitoini, zikimezwa miaka mingi, zinapunguza vitamini D, na mifupa inakuwa zaifu. Kwa hiyo mwenye kifafa atembee juani, na ale ndagala pamoja na mifupa yao, na mboga za majani kama sombe na lengalenga. Muganga akiona inafaa, atamupa vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Hivyo vinalinda mifupa, lakini havizuii kifafa.

Mwanamuke mwenye kifafa anayeweza kuzaa anapewa asidi ya foliki, ili mutoto atengenezwe vizuri tumboni. Asijiongezee mwenyewe kuliko kipimo alichopewa, maana foliki ikiwa nyingi inaweza kupunguza nguvu ya dawa fulani za kifafa. Kama anatumia valproati, amwambie muganga kabla ya kuchukua mimba, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuumiza mutoto tumboni. Lakini asiache dawa yoyote kwa shauri lake mwenyewe.

Na viko vitu vya "asili" vinavyozidisha kifafa. Kafuri na mafuta makali ya mikalitusi, vikinywewa, vinaweza kuleta degedege. Musimupe mutoto vitu hivyo.

6. Chakula chenye mafuta mengi

Wengine wamesikia kwamba kuna chakula kinachozuia kifafa. Ni kweli. Tangu zamani watu waliona kwamba wagonjwa wengine hawakuanguka wakati walipofunga chakula. Mwaka 1921, muganga Russell Wilder wa Mayo Clinic, inchi ya Marekani, alitoa shauri la chakula cha mafuta mengi sana na unga na sukari kidogo sana, ili mwili uwe kama wa mutu anayefunga, lakini bila kukosa nguvu. Hata leo chakula hicho kinasaidia watoto wengine ambao dawa mbili ao zaidi zimewashinda.

Lakini usiwaze kwamba ni kuongeza mawese juu ya bugali. Bugali, muhogo, ndizi na viazi vinakatazwa karibu vyote. Kila chakula kinapimwa kwa mizani, damu inapimwa, vitamini inaongezwa, kwa maana mutoto anaweza kupata mawe ya figo ao kukosa kukua. Ni kazi ya hospitali yenye watu waliofundishwa. Nyumbani, bila musimamizi, ni hatari.

Na kumufungisha chakula mwenye kifafa si dawa yake. Kanisa likitangaza siku za kufunga, yeye ameze dawa yake kila jioni kama siku zote, na aulize muganga kabla ya kukaa muchana kutwa bila chakula wala maji. Na mikesha ya maombi, ndugu zangu wazee wa kanisa, tuifikiri. Kukosa usingizi ni sababu kubwa ya kuanguka. Mwenye kifafa akienda kulala saa tatu ya usiku wakati wengine wanakesha, musiseme imani yake ni ndogo.

7. Dawa ya kila siku

Fenobarbitali ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912. Ni dawa ya zamani, bei yake si kali, na hata leo inatumiwa katika inchi nyingi. Ziko pia fenitoini, karbamazepini na valproati. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba watu 7 katika 10 wangeweza kukaa bila kuanguka kama wangejulikana na kutunzwa vema. Katika inchi maskini, wengi hawapati matunzo hayo. Usijiongeze katika hesabu yao kwa kutupa vidonge ulivyonavyo.

Shika maneno haya:

Meza dawa kila siku saa ileile, hata kama umekaa mwezi muzima bila kuanguka. Ukikaa hivyo, ndiyo alama kwamba dawa inafanya kazi yake.

Usingoje vidonge viishe. Vikibaki vya siku saba, anza safari ya dispanseri.

Usiache ghafula. Baada ya miaka miwili ao zaidi bila kuanguka, muganga anaweza kukupunguzia polepole, kwa miezi mingi.

Ukiona upele mwilini, ao vidonda kinywani, katika majuma ya kwanza, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Pombe usinywe. Na ukienda kutibiwa malaria ao ugonjwa mwingine, useme kwanza: "Mimi nina kifafa, ninameza dawa fulani." Ziko dawa zinazochochea kifafa, na ziko zinazopigana na dawa yako.

Usipike peke yako karibu na moto wa wazi, usioge mutoni peke yako, usipande muti wala baisikeli wakati kifafa hakijatulia.

8. Mutu akianguka mbele yako

Usikimbie. Ondoa moto, mawe na vyombo karibu naye. Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza shingo ya shati. Usimushike kwa nguvu. Usitie kijiko, kijiti wala kidole kinywani: utamuvunja meno, wala hatameza ulimi wake. Usimupe maji wala dawa ya kunywa wakati hajaamka. Kutetemeka kukipungua, mugeuze alale kwa ubavu, ili mate yatoke. Angalia saa. Ikipita dakika 5, ao akianguka mara ya pili kabla hajaamka, mupeleke hospitali upesi. Akiamka, kaa naye, sema naye kwa upole, mufunike kama amejikojolea. Haya yake ni kubwa kuliko maumivu yake.

9. Ukitaka kujaribu nyongeza ya chakula

Sitakukemea ukitamani. Mutu mwenye muzigo anatafuta mahali pa kuutua. Lakini fanya hivi.

Kwanza, chukua daftari. Andika kila siku uliyoanguka, saa, na kama ulimeza dawa, kama ulilala vema, kama ulikuwa na homa. Fanya hivyo miezi mitatu kabla ya kununua kitu. Daftari halina tamaa wala woga; litakuonyesha kweli.

Pili, leta kopo lenyewe hospitali, lisomwe. Kama halina maandiko ya kuonyesha kilichomo na kipimo chake, usimeze.

Tatu, muulize muuzaji: "Je, niendelee na dawa yangu?" Akisema "Acha," mwache yeye. Akisema kopo moja linaponya magonjwa kumi, mwache pia.

Ine, hesabu feza. Kama bei ya kopo ni bei ya vidonge vya miezi mingi, nunua vidonge, na feza inayobaki ununue maharagi, mayai na ndagala. Hiyo ndiyo nyongeza ya chakula iliyo bora kwa nyumba yako.

Tano, hata ukijaribu kwa ruhusa ya muganga, dawa yako ya kila jioni isibadilike hata kidogo, na daftari liendelee.

Musichana yule sasa anashona nguo. Anashika kitambaa kwa vidole vitatu, na kazi yake ni nzuri. Mama yake anakuja kila mwezi kuchukua vidonge, na akikuta mama mwingine ameketi pale na kopo ndani ya mufuko, anakaa karibu naye, anamusimulia habari ya mbuzi. Mimi sina mahubiri yanayopita yale.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini hatupashwi kuogopa mate ya mwenye kifafa?
2. Dawa ikiachwa ghafula, kwa nini hatari haionekani siku ya kwanza?
3. Ni watoto gani wanaosaidiwa kweli na vitamini B6?
4. Taja mambo matatu yasiyofaa kufanyiwa mutu aliyeanguka.
5. Kanisa lenu linaweza kufanya nini ili mwenye kifafa asipoteze usingizi wala dawa yake siku za kufunga na za mikesha?
6. Ni nani katika kijiji chenu anayefichwa ndani ya nyumba kwa sababu ya kifafa? Nani atakwenda kumutazama juma hili?